Shajara ya mradi: Daftari Limefungwa

Wiki ya 1, Jumatatu usiku. Manyatta, Kisumu

Naanza shajara hii kwa sababu ya namba 54. Huo ndio wastani wangu wa mwaka wa kwanza, na ndani yake kuna sapu (mtihani wa marudio) moja ya Biokemia. Sikuwa mvivu, na nataka hilo liandikwe mapema. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nasoma hadi jua linachomoza, na kwa kalamu ya manjano nilipiga mistari mpaka kurasa zikawa na rangi moja. Nakala za mhadhiri wa Biokemia nilizipitia mara tano. Siku ya mtihani nikakutana na swali ninalolijua. Nilikumbuka hata mahali jibu lilipo: ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro, karibu na doa la chai. Doa nililiona kabisa. Jibu halikuja.

Leo muhula wa pili wa mwaka wa pili umeanza. Nasomea ualimu wa Bayolojia na Kemia, yuniti sita: Fiziolojia ya Wanyama, Jenetiki, Kemia ya Kikaboni, Takwimu, Saikolojia ya Elimu na Mbinu za Kufundisha. A ni alama 70 kwenda juu, B ni 60 hadi 69, na chini ya 40 umeanguka. CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, zinabeba 30, mtihani wa mwisho 70. Lengo langu ni wastani wa 70.

Kanuni ya mradi ni moja: hakuna kipindi cha kusoma kinachoisha daftari likiwa wazi. Nasoma, nafunga, nachukua karatasi tupu, naandika kila ninachokumbuka, kisha nafungua na kuhesabu. Namba inaingia humu, iwe nzuri au mbaya.

Wiki ya 2, Jumatano

Leo mhadhiri wa Saikolojia ya Elimu ameeleza kilichonipata kwenye Biokemia, ingawa hanijui hata kwa jina. Alianza na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima baada ya muda ni kiasi gani kimebaki. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baadaye kasi ya kusahau ilipungua, lakini hasara kubwa ilikuwa imeshatokea.

Kisha akaja na jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, 2006. Wanafunzi walipewa habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma katika vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, na vipindi vitatu vilivyobaki wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye, waliosoma tu ndio walioongoza: asilimia 83 kwa 71. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: waliosoma tu 40, waliojipima 61.

Nilibaki kwenye kiti ukumbi ulipokuwa unatoka watu. Mimi ndiye huyo wa 83 usiku wa kuamkia mtihani, na huyo wa 40 mtihani wenyewe ukifika. Kila nilipopitia daftari kwa mara ya tano, macho yalikuwa yanatambua maneno kama unavyotambua sura ya jirani, nami nikadhani kutambua ndiyo kujua. Jirani huyo ukiambiwa umchore, hujui hata nyusi zake zilivyo.

Wiki ya 2, Ijumaa

Kipimo cha kwanza: figo. Nilisoma dakika 40, nikafunga. Kabla ya kufunga nilikuwa nimeorodhesha kando vitu 22 vya kukumbuka.

Nakumbuka kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo, zipatazo milioni moja. Nakumbuka kwamba figo huchuja karibu lita 180 kwa siku na mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi, kwa hiyo karibu yote hurudishwa mwilini. Nikachora kapsuli ya Bowman, na ndani yake fundo la mishipa midogo. Nikashuka hadi kwenye kitanzi cha Henle, ile sehemu ya mrija wa nefroni iliyopinda, kalamu ikasimama. Kuna mkono unaoshuka na mkono unaopanda. Mmoja hupitisha maji, mwingine husukuma chumvi nje. Upi ni upi? Nilikaa dakika tatu nzima kalamu ikiwa juu ya karatasi. Nikaandika kinyume. Unaoshuka ndio hupitisha maji.

Alama: 9 kwa 22.

Iliniuma. Mara tano za Biokemia hazikuwahi kuniuma hivi, kwa sababu hazikuwahi kuniuliza kitu. Lakini ule mkono unaoshuka sitausahau tena, na nadhani ni zile dakika tatu za kukwama ndizo zilizoukaza kichwani.

Wiki ya 3, Jumapili. Kibuye

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, nami humsaidia Mama kuuza omena, yaani dagaa. Wateja walipopungua saa nane nilimwomba anisikilize. Nikamweleza kwamba samaki wa ziwani anaishi katika maji yasiyo na chumvi nyingi kuliko mwili wake, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma kwa osmosisi, ndiyo maana hukojoa sana, mkojo mwepesi.

Mama alikuwa anapima gorogoro (kopo la kupimia) la omena. Akamalizia, akamfungia mteja, ndipo akauliza, "Nyathina (mwanangu), kama anakojoa mchana kutwa, ile chumvi kidogo aliyo nayo haiishi?"

Sikuwa na jibu. Mhadhiri alilisema, niliandika, lakini halikuwa limeingia. Nikafungua daftari palepale juu ya gunia: chumvi huipata kwa chakula, na nyingine huivuta kutoka majini kwa yale mashavu mekundu. Mama akamchukua ngege, yaani sato, kutoka meza ya jirani, akainua kifuniko cha shavu, akanionyesha. "Hapa?" Hapo, Mama. Nyuzi nyekundu zimepangwa kama meno ya kitana, laini, bado zina unyevu. Zinaingiza hewa na chumvi kwa pamoja.

Mama aliishia darasa la saba. Swali lake lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kujiuliza. Tangu leo kila Jumapili namweleza mada moja, na maswali yake naandika nyuma ya daftari.

Wiki ya 4

Wiki mbaya. Joto la Februari lilikaa chumbani kama mtu, mabati yanalia mchana kutwa, na nilikuwa na homa siku tatu. Vipindi viwili tu. Naandika ili pengo lionekane.

Wiki ya 5, Alhamisi

Simu. Nilipima kwa saa ya ukutani: katika saa mbili za "kusoma" juzi niliishika mara 14. Sasa inakaa ndani ya sufuria yenye kifuniko, kwenye rafu ya juu, imezimwa. Nasoma dakika 25, napumzika 5, na baada ya raundi nne natoka nje kutembea. Saa moja na dakika 40 za namna hii zinanipa zaidi ya usiku mzima wa zamani.

Kikundi pia kimerekebishwa. Tulikuwa tisa na tulikuwa tunapiga hadithi. Sasa tuko wanne, na sharti ni moja: unakuja na maswali matatu uliyoyatunga mwenyewe, yenye majibu. Usipokuja nayo, unarudi kwako. Komredi mmoja alikasirika wiki ya kwanza. Leo ndiye aliyekuja na swali gumu kuliko yote, la Jenetiki: kwa nini upofu wa kutofautisha rangi huonekana zaidi kwa wanaume? Tulibishana nusu saa kuhusu kromosomu ya X, tukachora mti wa familia kwenye vumbi la uwanja. Mwanamume ana X moja tu, kwa hiyo jeni mbovu ikiwa juu yake hakuna nyingine ya kuifunika.

Wiki ya 6, Ijumaa

CAT ya kwanza ya Fiziolojia: 19 kwa 30. Ile ya muhula uliopita nilipata 14. Saikolojia 23. Kemia ya Kikaboni 13, na hapo ndipo kidonda kilipo.

Nimeketi na karatasi ya Kemia jioni yote. Kila kosa nimelipa jina: "sikujua", "nilijua nikachanganya", "sikusoma swali vizuri". Kati ya makosa 11, "nilijua nikachanganya" ni 7. Kwa hiyo kuongeza saa za kusoma hakutanisaidia. Lazima nifanye mazoezi kwa namna tofauti.

Wiki ya 7, Jumanne

Kisanduku kimeanza. Wazo ni la Mjerumani Sebastian Leitner, la mwaka 1972, na linahitaji kasha tu. Langu ni kasha la viatu. Karatasi moja ya manila ukiikunja mara tano na kuikata inatoa kadi 32. Swali mbele, jibu nyuma. Kasha nimeligawa vyumba vitatu kwa vipande vya katoni: cha kwanza napitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukijibu sawa, kadi inasonga mbele. Ukikosea, inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa imefika mwisho. Hivyo muda wangu unakwenda kwa nisivyovijua, na ninavyovijua bado navipitia mara mojamoja.

Kadi zangu za kwanza hazikuwa na nguvu. "ADH ni nini?" Unajibu "homoni" na kadi inasonga, lakini hakuna mtihani wa chuo unaouliza hivyo. Nimezichana 20 na kuandika upya. Hii ndiyo ninayoipenda: "Umetembea kutoka Kondele hadi Dunga jua la saa saba, bila maji. Mkojo wako umekuwa wa namna gani, na kwa nini?" Kuijibu unapitia njia yote: damu imekolea, ubongo umehisi, tezi ya pituitari imetoa ADH, kuta za mirija ya kukusanyia zimeruhusu maji kupita, maji yamerudi kwenye damu, mkojo ni kidogo na umekolea rangi. Kadi moja, hatua sita.

Kalamu ya manjano nimempa mdogo wangu. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusoma, na kupiga mistari pamoja na kurudia kusoma vikawekwa daraja la chini. Mbili tu zilipewa daraja la juu: kujipima, na kutawanya masomo kwa siku nyingi. Kasha la viatu linafanya zote mbili.

Wiki ya 8, Jumamosi. Maktaba ya taifa, mjini

Kemia. Kuna SN2 na SN1, njia mbili ambazo kitu kingine huchukua nafasi ya halojeni kwenye kaboni. Nimegundua nilikuwa nafanya maswali kumi ya SN2, kisha kumi ya SN1, na kila mara nilipata karibu yote. Bila shaka nilipata: kichwa cha sura kilikuwa kimeniambia tayari ni mmenyuko gani. Mtihani haukuambii. Kazi ya kwanza kwenye mtihani ni kutambua, na hiyo sikuwahi kuifanyia mazoezi hata siku moja.

Kwa hiyo nimeandika maswali 24 kwenye vikaratasi, nikavikunja na kuvichanganya kwenye mfuko wa nailoni. Navuta kimoja. Kabla ya kuandika chochote nasema kwa sauti ya chini: kaboni iliyoshika halojeni ni ya msingi (imeshika kaboni nyingine moja tu) au imezungukwa na kaboni nyingine tatu? Ya msingi, SN2, shambulio kutoka nyuma, hatua moja. Imezungukwa, SN1, halojeni inaondoka kwanza. Zile za kati zinahitaji uangalie kiyeyushi na kishambulizi.

Leo 11 kwa 24. Ni pungufu ya nilivyokuwa nikipata nilipozipanga, na inavunja moyo, lakini hii ndiyo namba ya kweli.

Wiki ya 9

Kemia mfukoni: 15, 16, 19. Figo kwenye karatasi tupu: 20 kwa 22. Takwimu inaenda polepole. Nakokotoa mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika) kwa mkono kila jioni, swali moja tu.

Wiki ya 10, Jumatano

Mvua za masika zimefika. Saa moja na nusu usiku stima ilipotea mtaa mzima. Zamani ningefunga duka. Leo nilikaa gizani kitandani na kujiuliza maswali kichwani: mzunguko wa damu wa samaki, wa chura, wa ndege, kila mmoja na vyumba vya moyo wake. Viwili, vitatu, vinne. Sikuhitaji taa. Hilo limenifurahisha kuliko alama yoyote hadi sasa.

Stima iliporudi, taa ya nje ilijaa kumbikumbi. Watoto wa ploti wakatoka na mabeseni ya maji, jirani akanigongea: "Dada, njoo uchukue wako." Nikatoka, nikakusanya bakuli moja, nikala na ugali, kisha nikalala saa nne. Sikeshi tena. Usingizi ni sehemu ya kazi, kwa sababu ubongo hupanga na kukaza tuliyojifunza mchana wakati tumelala, na usiku niliokesha kabla ya Biokemia niliutupa mara mbili: sikulala, na nilichosoma hakikukaa.

Wiki ya 11, Jumatatu

CAT ya pili ya Fiziolojia: 25 kwa 30. Kemia 20.

Nimetoa fotokopi za mitihani ya miaka mitano iliyopita, yuniti zote. Mitihani yetu ina sura moja: saa mbili, swali la kwanza ni la lazima na lina alama 30, kisha unachagua mawili yenye alama 20 kila moja. Nikapiga hesabu ambayo kwa mwaka mzima sikuwahi kuipiga. Dakika 120 kwa alama 70. Ukitoa 4 za kusoma karatasi, swali la kwanza linapata 50 na kila moja ya mengine 33. Mwaka jana nilikuwa natumia zaidi ya saa moja na robo kwenye swali la kwanza, kwa sababu lilikuwa la lazima nami niliogopa. Swali la mwisho nikaliacha nusu katika karatasi tatu tofauti. Hizo ni alama kumi kumi ambazo nilizijua na sikuziandika.

Sasa kila Jumamosi asubuhi nafanya karatasi moja nzima, saa ikiwa mezani. Dakika ya 54 ikifika nahamia swali linalofuata hata kama sentensi haijaisha.

Wiki ya 12, Alhamisi

Mwenzangu mmoja amenionyesha mwakenya wake wa Jenetiki, yaani karatasi ya kuibia mtihani, umekunjwa mdogo kama kiberiti, maandishi ya mchwa. Jina hilo wanafunzi walilitoa kwenye lile vuguvugu la siri la miaka ya 1980 ambalo vikaratasi vyake vilipitishwa kwa kificho. Aliniambia ametumia siku mbili kuuandika. Nilimwomba auweke kando, nikamuuliza maswali manne kutoka ndani yake. Alijibu matatu. Kuchagua, kufupisha na kuandika kulikuwa kumemfundisha tayari. Nilimwambia, "Dada, tayari unayajua, na ukikamatwa unapoteza miaka miwili." Hakunijibu. Jioni alikuja kwenye kikundi, na natamani sana aendelee kuja.

Wiki ya 13, Jumapili

Mama ameniuliza maswali ya Saikolojia kutoka kwenye kadi. Kasha zima lina kadi 211, na chumba cha tatu kina 168. Hizo 43 zilizobaki ndizo nitakazobeba wiki hii. Wiki ya mtihani sitasoma kitu kipya.

Mtihani, siku ya 3

Fiziolojia. Swali la pili: "Linganisha udhibiti wa maji na chumvi kwa samaki wa maji baridi na mamalia wa nchi kavu." Kalamu iliweza kwenda bila kusimama, lakini niliizuia dakika mbili nipange hoja pembeni. Nilipofika kwenye chumvi niliona mkono wa Mama ukiinua shavu la ngege. Nilimaliza dakika 6 kabla ya muda.

Wiki ya 7 baada ya mtihani

Matokeo. Fiziolojia 74. Saikolojia 72. Mbinu za Kufundisha 71. Kemia ya Kikaboni 66. Takwimu 63. Jenetiki: mahali pa alama pako wazi.

Kwa kila komredi anayesoma hapa: piga picha karatasi zako za CAT siku unaporudishiwa, na uhakikishe umetia sahihi orodha ya mtihani. Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa huenda sikufanya mtihani. Mara ya tatu nilikuwa na picha za CAT zote mbili kwenye simu, tarehe ya mtihani na namba ya kiti. Karatasi ikapatikana kwenye rundo la kundi jingine. Jenetiki 70.

Wastani 69.3. Sikufika 70. Takwimu ndiyo iliyonishusha, na nikirudi kwenye shajara naona sababu: swali moja kila jioni, la aina ileile, halikuchanganywa kamwe. Kosa la Kemia nililiona na kulitibu wiki ya 8. La Takwimu sikulitazama.

Nimemsomea Mama alama kwa simu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na hiyo ya 63, ni ile ya hesabu? Mbona hukuwahi kunieleza hiyo?"

Ni kweli. Katika Jumapili zote za Kibuye sikuwahi kumweleza Takwimu, nikidhani haielezeki kwa mdomo. Yeye hupima omena kwa gorogoro kila siku, na anajua kabla ya kupima ni mfuko upi utapungua. Jumapili ijayo naenda na daftari, tutapima mifuko 30 na kuandika uzito wa kila mmoja. Kadi za muhula ujao ziko 12 tayari, na manila nyingine mbili ziko juu ya kabati.